Mwenye Mori Hawezi

Barua ya onyo niliichapa kwa mikono yangu mwenyewe. Wenzangu wa mchezo walikuja dukani siku ya Ijumaa wote watatu, wakasimama mbele ya kaunta kama watu waliokuja kuposa, na Karani akaniwekea karatasi iliyoandikwa kwa mkono. "Tunaomba nakala moja safi," akasema kwa sauti yake ile ya mahakamani, "halafu uipige laminesheni."

Nikaisoma. Kumbe inanihusu mimi!

"Mchezaji tajwa," ilisema, "ameonywa marakwamara juu ya kupiga meza, kurusha dadu na kuwaita wenzake vichwa maji. Akipandisha hasira mara moja tu zaidi, mchezo utahamia sebuleni kwa Karani, na yeye hatakaribishwa." Chini kulikuwa na sahihi tatu: ya Karani mwenyewe, ya wifi yangu, na ya kaka yangu wa tumbo moja. Sahihi ya kaka ilikuwa ndogo, imejikunyata pembeni, lakini ilikuwepo.

Moto ulinipanda mpaka masikio yakaziba. "Mmekosa pa kuchapisha mpaka mnakuja kwangu?" nikauliza.

"Kwingine wangekosea herufi," kaka akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Ningefanyaje sasa? Nikifoka hapo hapo, barua inaanza kazi kabla haijachapwa. Nikakaa kwenye kompyuta nikawachapia. "Marakwamara" nikaitenganisha iwe maneno matatu. Nikaipitisha kwenye mashine ya laminesheni, nikazikata pembe zote nne mviringo zisimchome mtu, nikawakabidhi. Sijawahi kumpa mteja kazi mbovu, hata akija kunifukuza.

Mtaani wananiita Stepla. Jina hilo nililipata siku mashine ilipotafuna karatasi za bwana mmoja, naye akamwambia mwenzake, "Twende zetu, huyu dada hawezi." Nikaichukua fomu yake, nikaibana kwenye mkono wa shati lake kwa pini mbili, nikamwambia, "Haya, fomu yako hiyo, haitapotea." Duka langu linaitwa TUNAWEZA. Limeandikwa juu ya mlango kwa herufi nyekundu: TUNAWEZA KUCHAPA, KUTOA KOPI, KUJALIDI. Watu hudhani ni jina la biashara tu. Wapi! Mimi nilikuwa namjibu mtu.

Nilikuwa namjibu marehemu mama, Mungu amrehemu. Mimi niite mkali, niite mdomo mrefu, tutaelewana. Usiniambie siwezi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikasirika najitupa chini, napiga mlango mateke, nalia mpaka sauti inakauka. Wageni wakiuliza mtoto ana nini, mama anasema, "Mwacheni, huyu hawezi." Mbele ya watu! Mtoto wa miaka mitano, anatangazwa kwa majirani kwamba hawezi. Hawezi nini? Hakumalizia. Basi nimeishi maisha yangu yote nikimwonyesha kwamba naweza. Mashine ya kopi ya kwanza niliibeba peke yangu kutoka kwenye gari mpaka ndani, mgongo unanikumbusha mpaka leo.

Sasa huo mchezo. Ni mchezo wa kukaa, wa watu wazima na akili zao. Mnazunguka meza, kila mtu ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uhai aliobakiza. Mmoja anasimulia yanayowakuta, ninyi mnasema mashujaa wenu wanafanya nini, na dadu yenye pande ishirini inaamua kama mmefanikiwa au mmeumbuka. Msimulizi wetu ni kaka. Kazi yake ni mwalimu wa udereva, yaani anashinda kwenye kiti cha pembeni huku mtu asiyejua breki iko wapi anaelekea ukutani, na yeye anasema, "Taratibu. Mguu wa kulia. Ule mwingine." Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Inaniudhi sana.

Wifi, mke wa kaka, ni muuguzi, na shujaa wake ni mganga anayeitwa Shubiri. Karani anaandika hukumu mahakamani, na shujaa wake ni mtawa anayeitwa Kimya, ambaye hafungui hata mlango bila kuuliza mlango ni wa nani. Mimi nina Radi. Radi anapigana kwa shoka mbili, na kazi yake ni kupandwa na mori. Akishapandwa hasikii maumivu, anapiga maradufu, na hata akibakiwa na uhai wa mbili tu hadondoki. Tunacheza kila Jumamosi, saa nane mchana nikishafunga, kwenye chumba cha nyuma cha duka. Ni mahali pekee duniani ambapo mimi nikikasirika watu wanashangilia. Tena tangu mama afariki, ndiyo siku pekee ninayokaa meza moja na kaka yangu. Ndiyo maana ile barua iliniuma. Wakinitoa pale, nitakasirikia wapi? Na kaka nitamwona lini?

Kanuni za mchezo aliziandika kaka mwenyewe, miaka sita iliyopita, kwenye daftari la shule. Nikazichapa, nikatoa kopi nne, nikazijalidi kwa ule uti wa plastiki. Baada ya hapo hakuna aliyefungua kijitabu tena, maana tulikuwa tunazijua kwa kichwa. Na kanuni ya mori kila mtu aliijua: mwenye mori hatumii uganga mpaka atulie.

Jumamosi ile niliamka nimeapa. Leo sipandishi. Nilifunga nusu ya mlango wa chuma, nikafuta meza, nikasogeza ile mashine ya kukatia karatasi pembeni mwa meza, mkono wake nikauacha juu kwa sababu chini ulikuwa unazuia viti. Kaka akapanga vitu. Daraja lilikuwa rula ya sentimita thelathini, imelazwa kati ya mafungu mawili ya karatasi. Radi alikuwa kofia ya kalamu nyekundu, Shubiri kifutio, Kimya klipu. Jitu lililokuwa linatusubiri katikati ya daraja lilikuwa chupa kubwa ya gundi. Karani akaiegemeza ile barua yake kwenye ukuta, mbele yangu, kama picha ya arusi.

"Jitu linanguruma," kaka akasema kwa upole. "Radi anafanya nini?"

"Naomba, kama haitakuwa usumbufu," nikasema, "Radi apandwe na mori, halafu alikate hilo jitu shoka la goti. Asante."

Wifi akaniangalia. Akanyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. "Wifi, unajisikiaje?"

"Vizuri sana, wifi yangu. Nashukuru kwa kuuliza."

"Mapigo mia na kumi na nane," akamwambia mumewe.

Nikatupa dadu kwa vidole viwili, kama mtu anayetia chumvi. Radi akalikata jitu goti. Jitu likampiga teke Kimya, akaning'inia kwenye kamba ya daraja kwa mkono mmoja. Klipu ikaning'inizwa kwenye rula. Karani akataka kujua kamba hiyo ilikaguliwa na nani. Halafu jitu likamgeukia Shubiri, kaka akatupa dadu, na nikaona uso wake unabadilika.

"Kumi na tisa," akasema. "Shubiri amechanika ubavuni. Ana uhai sifuri. Asipofungwa jeraha kwenye zamu hii, basi tena."

Wifi akashika kile kifutio chake kwa mikono miwili. Miaka sita yuko na Shubiri. Amemtengenezea na begi dogo la dawa kwa plasta.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye ugomvi. Shubiri alikuwa amemfundisha Radi uganga mmoja tu, wa kufunga jeraha: unaweka kiganja, unasema maneno matatu, damu inasimama. Radi alikuwa hajautumia hata siku moja, kwa sababu uganga unataka utulivu, na Radi hatulii. Na amebakiwa na uhai wa mbili tu; akitulia sasa hivi, hautamshikilia. Jitu litampiga kofi moja na wote wamekwisha. Asipotulia, Shubiri anakufa mbele yake.

"Radi anamfunga Shubiri jeraha," nikasema.

"Yuko kwenye mori," akasema Karani kutoka kwenye kamba yake. "Mwenye mori hatumii uganga."

"Karani, ndugu yangu, wewe mwenyewe unaning'inia. Shubiri akifa nani atakuvuta?"

"Bora nife kwa utaratibu."

Nilihisi damu inanipanda shingoni. Nikachukua kifuniko cha kalamu nyingine nikakitafuna. Nikavuta pumzi. "Basi naomba," nikasema, na naomba mjue kila neno lilinitoka kama jino, "tusome kanuni."

Nikafungua kijitabu, ukurasa wa kumi na nne. Nikasoma kwa sauti.

"'Mpiganaji aliyepandwa na mori hawezi. Kutumia uganga mpaka atulie.'"

Nikasoma tena kimyakimya. Pale kati ya "hawezi" na "kutumia" palikuwa na nukta. Si vumbi wala si wino wa mashine. Nukta kamili, na "Kutumia" limeanza kwa herufi kubwa.

Karani akaomba kijitabu, akakisogeza kwenye mwanga. "Kosa la mpiga chapa," akasema.

"Unasemaje?"

"Kosa la kawaida. Sentensi ya kwanza haijakwisha, ya pili haina mtendaji. Nukta ifutwe, kanuni ibaki kama tulivyoizoea. Tuendelee na mazishi."

Kosa la mpiga chapa! Mimi! Nimechapa wasia, nimechapa talaka, nimechapa tasnifu ya mtu kurasa mia tatu yeye mwenyewe haijui. Kifuniko cha kalamu kikapasuka mdomoni. Nikatazama ile barua pale ukutani, inang'aa. Nikatema vipande kwenye kiganja.

Wifi ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amekivuta kijitabu, anasoma huku anacheka peke yake.

"Jamani, mbona hii iko wazi? Hii si ndiyo ninayoandika wodini kila siku? 'Hawezi.' Nukta. Yaani mgonjwa. 'Kutumia uganga mpaka atulie.' Hicho ni cheti cha dawa, hakuna hata neno linalomkataza Radi uganga!"

"Mgonjwa wa nini?" akauliza Karani.

"Wa mori! Mtu anatokwa povu, ana shoka mbili, hasikii maumivu. Kwenu huyo mzima?"

"Mama mkwe wako ndiye aliyekuwa akisema hawezi kwa maana hiyo. Watu wa siku hizi wanasema anaumwa."

"Mimi nasema hawezi, na mimi ni wa siku hizi."

"Na kipimo kiko wapi?" Karani akainua kidole. "Kutwa mara ngapi? Haijaandikwa. Dawa isiyo na kipimo haina nguvu kisheria."

Kaka alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya shati, na miwani ile haikuwa na uchafu. Nilimwona lakini sikumtilia maanani, kwa sababu wakati huo huo mtu aligonga mlango wa chuma.

"Tumefunga!" ndivyo ningesema siku nyingine, na mtaa mzima ungesikia. Siku ile nikaenda nikatabasamu. Ni mama mmoja, mkononi ana kitambulisho na nyuma ya sikio ana kalamu. Anataka kopi moja, pande zote mbili, karatasi moja. Nikamwingiza, nikawasha mashine, tukasimama tukisubiri ipate moto.

"Mama samahani," wifi akaita kutoka chumba cha nyuma, "hebu tusaidie kusoma hapa."

"Shahidi asiye na upande," Karani akakubali. "Asielezwe chochote."

Yule mama akapewa kijitabu. Akakisoma akiwa amekiweka mbali na macho, midomo inacheza. Halafu uso wake ukalegea.

"Masikini," akasema. "Mmempeleka hospitali?"

Wifi akauma mdomo asicheke.

"Mume wangu naye hawezi tangu juzi, mgongo. Hii ya mori siijui, ni ya damu? Mpeni pole sana." Akachukua kopi yake, akaangalia nyuma na mbele, akaniambia nimeiweka vizuri, akatoka. Nikasikia anamwambia mtu barabarani kwamba mle ndani kuna familia ina mgonjwa.

Wifi akapiga makofi. Karani akakunja mikono. "Shahidi hajui mchezo," akasema. "Ushahidi wake unaonyesha tu nukta inavyoweza kupotosha raia. Mimi sisemi dada hana bidii. Ana kasi. Lakini mwenye kasi, kwenye nukta—"

"Mimi sikosei nukta."

Nilisimama. Polepole, lakini nilisimama. Mimi nina kabati la chuma ambamo ninaweka asili ya kila kitu nilichowahi kuchapa, kwa sababu wateja wanakana. Mtu anaandika "mpumbavu" kwenye barua yake, barua ikimrudia anasema ni wewe. Basi naweka.

"Mdogo wangu, acha," kaka akasema haraka. Kaka hasemi haraka. "Tuseme ni kosa. Tuseme ni langu. Radi amfunge jeraha, tuendelee tu."

"Hapana, kaka, kwa heshima zote. Leo jina langu linasafishwa."

Nikafungua kabati. Daftari lilikuwa chini kabisa, limeandikwa jina la kaka na neno "Kanuni". Nikaenda moja kwa moja kwenye mori. Na pale, kwa mwandiko wake wa kalamu ya bluu, nukta ilikuwepo. Alikuwa ameikandamiza mpaka imetokeza upande wa pili wa karatasi. Niliipapasa kwa kidole gumba kama kipele. Na "Kutumia" ilianza kwa herufi kubwa, imekolezwa mara mbili.

"Haya!" nikampelekea Karani usoni. "Kosa la mpiga chapa liko wapi? Onyesha! Nimechapa kama ilivyo!"

Karani akaipapasa nukta kwa kidole naye. Akavua saa yake, akaivaa tena. "Nasahihisha kumbukumbu," akasema. "Mpiga chapa hana hatia."

Nilifurahi, sikatai. Furaha ile ilidumu labda pumzi mbili. Kisha nikamgeukia kaka. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekosea?"

"Sikukosea," kaka akasema.

"Basi uliandika nini hapa?"

Akavaa miwani yake. "Mama alikuwa akiulizwa hajambo, na kichwa kinamuuma, alikuwa anajibuje?"

"Anasema siwezi."

"Siwezi nini?"

"Siwezi tu. Yaani anaum—"

Neno likanikwama kama karatasi kwenye rola. Wallahi nilijua. Nilijua miaka yote kwamba mama akisema siwezi maana yake anaumwa, nilimchemshia maji mara ngapi kwa neno hilo hilo. Lakini lile alilonisemea mimi nililiweka kwenye kabati jingine kabisa.

"Na wewe ukijitupa chini," kaka akaendelea, kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mtu kwenye gia, "akishawaambia watu mwacheni, huyu hawezi, anafanya nini?"

"Ananishika."

"Anakushika vipi?"

"Analowesha kitambaa. Ananiwekea hapa nyuma ya shingo. Ananisemesha vitu visivyo na maana, mpaka..."

"Mpaka atulie," wifi akamalizia, kidole kwenye mstari.

Karani akasogea kuuona mstari.

"Radi nilikuandikia wewe," kaka akasema. "Watu wengine wanaandika kwamba mwenye mori asisogelewe mpaka apoe mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa namwona mama anavyofanya. Hakusubiri upoe. Alikufanyia uganga ukiwa hapo hapo katikati ya mori. Nikaandika hivyo."

"Miaka sita! Miaka sita tunacheza kinyume, na wewe umekaa kimya!"

"Nilidhani ukichapa utasoma."

"Nani anasoma anachochapa?"

"Uliniletea kijitabu, ukasema, 'Sawa, mwenye mori hawezi uganga, nimeelewa, usinifundishe.' Nikafungua mdomo. Ukapiga meza."

"Ungeniambia kesho yake!"

"Kesho yake ulimpiga yule bwana stepla," kaka akasema. "Ningekuambia lini, mdogo wangu? Niambie siku moja tu uliyokuwa umetulia, nami ningekuja."

Hapo nikapandisha.

Nawaambia kweli, sikuwa nimemkasirikia yeye. Nilimkasirikia mama kwa kutomalizia sentensi, nikajikasirikia mimi kwa kuimalizia vibaya, nikaikasirikia ile mashine ya kopi niliyoibeba na mgongo wangu, na lile bango jekundu juu ya mlango, na kila mtu niliyewahi kumfokea kwa neno ambalo lilikuwa ni pole. Vyote vikaja pamoja. Nikapiga meza kwa mikono miwili, nikatoa sauti ambayo sikujua ninayo. Rula ikaruka, chupa ya gundi ikabingirika mpaka kwenye mashine ya kukatia. Kimya akatumbukia kwenye korongo. Ule mkono wa mashine ya kukatia, niliouacha juu kwa ujinga wangu, ukashuka kwa nguvu zake zote kwenye chupa ya gundi, ukaikata shingo.

Kichwa cha jitu kikabingirika mpaka mlangoni. Gundi ikaanza kutambaa mezani, nyeupe, bila haraka.

"Hiyo haihesabiki kama pigo," Karani akasema kwa sauti ndogo.

Gundi ikaifikia barua ya onyo, ambayo ilikuwa imeanguka chali. Karani akaiokota kwa vidole viwili, akaifuta kwa leso. Ilifutika vizuri, hata tone halikuingia; nilikuwa nimeipiga laminesheni ya uhakika. "Akipandisha hasira mara moja tu zaidi." Ilisomeka kutoka nilipokuwa. Akaangalia barua, akaniangalia mimi, na nikajua imekwisha. Niko tayari kusema kitu kibaya kwa kila mmoja wao kabla sijatolewa, ili angalau nitoke nikiwa nimeweza.

Kaka akainuka. Akaenda kaunta, akarudi na kile kisponji cha duara ninacholoweshea vidole wakati wa kupangua karatasi. Kilikuwa kimejaa maji. Akaja nyuma ya kiti changu, akanisogeza kola, akanibandika kisponji nyuma ya shingo. Kilikuwa cha baridi na kilinuka wino.

"Mwache," akamwambia Karani. "Huyu hawezi."

Nilisubiri moto upande, kama unavyopanda siku zote nikilisikia lile neno. Nilijikaza kabisa kuusubiri. Haukuja. Nikaanza kulia, tena si kulia kwa adabu, nilibubujika kama mtoto wa miaka mitano, na kaka anakandamiza kisponji na kuniambia mambo yasiyo na maana, kwamba taratibu, kwamba mguu wa kulia, ule mwingine.

Karani akaigeuza ile barua chini juu, akaiweka mezani palipokuwa na gundi zaidi, ikanata.

"Kutwa mara ngapi?" akamwuliza wifi.

"Kutwa mara tatu," wifi akajibu, naye anajifuta macho kwa ile plasta. "Akizidiwa, hata mara kumi."

Karani akatoa kalamu, akafungua kijitabu chake ukurasa wa kumi na nne, akaandika kwa mwandiko wa mahakamani, akatia na tarehe. Wifi akanisogezea dadu.

"Shubiri bado anavuja damu, wifi. Unaweza?"

"Siwezi," nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema. "Lakini nipe, nitatupa hivyo hivyo."

Nikaitupa dadu ikiwa na gundi, ikabingirika kidogo, ikanata kwenye kumi na saba. Radi akaweka kiganja, akasema maneno yake matatu, bado anatokwa povu. Maji ya kisponji yalinishuka mgongoni mpaka kiunoni, blauzi yote ikalowa, na sikumgombeza mtu.